Kufungua Tena Bwawa la Kuogelea: Mitambo na Kemia ya Maji

Katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Kanada na sehemu za kaskazini za Marekani, wenye mabwawa ya kuogelea nyumbani huyafunga baridi iingiapo na kuyafungua tena joto lirudipo. Kwetu Afrika Mashariki baridi haitulazimishi kufanya hivyo. Lakini bwawa la nyumba, la shule au la hoteli laweza kukaa miezi mingi bila kutumiwa, ama kwa sababu pampu imeharibika, ama kwa sababu wenyewe wamesafiri. Huko na huku tatizo ni lile lile: maji yaliyosimama yamekuwa ya kijani, majani yameoza sakafuni, viluwiluwi vya mbu vimejaa, na haijulikani kama mitambo ni mizima.

Wengi hudhani kwamba dawa ni moja tu, yaani kumwaga klorini nyingi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini njia hiyo hushindwa mara nyingi, na kwa nini yaweza kudhuru watu. Kazi hii ina utaratibu wake: kwanza maji yatembee, pili uchachu wa maji upimwe na kurekebishwa, tatu ndipo klorini itiwe.

Kwanza maji yatembee

Kabla ya yote, majani na tope hutolewa kwa wavu na ufagio, kwa maana klorini ikikuta uchafu uliooza hutumika kuuunguza uchafu huo, isibaki ya kuua viini vya maradhi. Kisha mitambo huchunguzwa. Pampu huvuta maji kutoka bwawani, huyapitisha katika kikapu cha kunasa majani, huyasukuma ndani ya chujio la mchanga, na kuyarudisha bwawani.

Ikiwa mota haiwaki kabisa, umeme ukatwe kwenye swichi kuu na fundi wa umeme aitwe. Maji na umeme havifanyiwi majaribio. Ikiwa mota inavuma lakini haizunguki, huenda imekwama kwa kutu, au kapasita yake imekufa.

Ikiwa mota inazunguka lakini maji hayaji, chanzo mara nyingi ni hewa. Pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza kanieneo ndani ya bomba, na kanieneo ya angahewa iliyo juu ya bwawa ndiyo iyasukumayo maji kuingia. Hewa ikipata tundu, huingia badala ya maji. Basi tazama kama kina cha maji kimeshuka chini ya mdomo wa kuvutia, safisha mpira wa kifuniko cha kikapu, na ujaze maji ndani ya kikapu kabla ya kuwasha. Ufa ulio upande wa kuvuta haudondoshi maji pampu ifanyapo kazi, bali huingiza hewa. Ishara yake ni mapovu yatokayo katika bomba la kurudisha maji.

Geji ya chujio nayo husema mengi. Andika kipimo chake mchanga ukiwa safi. Kikipanda kwa bar 0.5 hadi 0.7 juu ya hapo, chujio limejaa uchafu na lapaswa kuoshwa kwa kugeuza mwendo wa maji. Kikishuka, kizuizi kiko kabla ya pampu, na kikapu ndicho cha kutazamwa kwanza.

Jambo moja lisisahauliwe: kifuniko cha tundu la sakafuni kikivunjika, bwawa lisitumiwe, maana nguvu ya kuvuta yaweza kumnasa mtoto chini ya maji. Kutokana na vifo vya namna hiyo, Marekani ilitunga sheria maalumu ya vifuniko hivyo mwaka 2007.

Uchachu na nguvu ya klorini

Klorini iingiapo majini hufanya asidi ya haipoklorasi, HOCl. Sehemu ya asidi hiyo huachana:

HOCl ⇌ H⁺ + OCl⁻

HOCl haina chaji, hivyo hupenya kwa urahisi ukuta wa bakteria na kuiua. Ayoni ya OCl⁻ ina chaji hasi, na uwezo wake wa kuua ni mdogo sana. Kipimo cha pH ndicho kiamuacho mgawanyo wa viwili hivi. Katika joto la sentigredi 25, sehemu iliyo HOCl ni takriban asilimia 78 pH ikiwa 7.0, asilimia 52 ikiwa 7.5; asilimia 26 ikiwa 8.0, na asilimia 10 tu ikiwa 8.5.

Tulinganishe mabwawa mawili. La kwanza lina miligramu 3 za klorini kwa lita, na pH yake ni 8.5, HOCl iliyomo ni miligramu 0.3 hivi. La pili lina miligramu 1 tu, lakini pH yake ni 7.2, HOCl iliyomo ni karibu miligramu 0.7. Bwawa lenye klorini theluthi moja lina silaha zaidi ya maradufu! Ndiyo sababu pH hurekebishwa kwanza, iwe kati ya 7.2 na 7.8.

pH ikizidi, hushushwa kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Ikipungua, huinuliwa kwa sodiamu kaboneti, yaani magadi, chumvi iliyolipa jina Ziwa Magadi la Kenya. Yafaa pia kupima kiasi cha baikaboneti, ambacho huizuia pH isiyumbe. Miligramu 80 hadi 120 kwa lita hutosha.

Rangi ya maji isihukumiwe kwa haraka. Kijani chenye ukungu kwa kawaida ni mwani, lakini kijani kiangavu chaweza kuwa shaba iliyoyeyuka. Maji ya kisima yakigeuka kahawia baada ya kutiwa klorini, huenda yana chuma.

Funzo la Rio de Janeiro

Wakati wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 2016, bwawa la kupigia mbizi mjini Rio de Janeiro liligeuka kijani mbele ya macho ya ulimwengu. Waandalizi walieleza kwamba lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimetiwa kimakosa katika maji yenye klorini. Kila moja ya dawa hizi husafisha maji ikiwa peke yake, zikikutana huangamizana:

HOCl + H₂O₂ → HCl + H₂O + O₂

Klorini ikaisha, na mwani ukapata nafasi.

Michanganyiko mingine haiharibu maji tu, bali huua. Asidi ikikutana na haipokloraiti hutoa gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu. Kwa hiyo dawa hizi zisiwekwe pamoja, wala kupimwa kwa chombo kimoja. Aina mbalimbali za klorini nazo zisichanganywe zikiwa kavu, kwa maana zaweza kulipuka. Daima dawa hutiwa katika maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa.

Kupima na kukokotoa

Bwawa lenye urefu wa meta 8, upana wa meta 4 na kina cha meta 1.5 lina meta za ujazo 48, yaani lita 48,000. Kuongeza miligramu 2 kwa lita kwahitaji gramu 96 za klorini. Unga wa kalsiamu haipokloraiti wenye asilimia 65 ya klorini utahitajika kwa kiasi cha 96 ÷ 0.65, yaani gramu 148 hivi. Maji yenye mwani hutiwa zaidi, hata kufikia miligramu 10 kwa lita, na hakuna aruhusiwaye kuingia mpaka kipimo kishuke. Kazi hii hufanywa jioni, kwa kuwa mwanga wa jua huiharibu klorini upesi.

Bwawa liko tayari pampu ivutapo bila mapovu, pH iwapo kati ya 7.2 na 7.8, klorini iwapo miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na tundu la sakafuni lionekanapo waziwazi kwa mtu asimamaye ukingoni. Sharti hili la mwisho si la urembo: katika maji yenye ukungu, mtu aliyezama haonekani.

Zoezi kwa wanafunzi: Bwawa lina urefu wa meta 10 na upana wa meta 5, kina chake chaongezeka sawasawa kutoka meta 1 hadi meta 2. Gramu ngapi za unga uliotajwa hapo juu zahitajika kupandisha klorini kutoka miligramu 0.5 hadi 2 kwa lita? (Jibu: gramu 173 hivi.)