Mkorosho Bora, Mtoto Tofauti

Mkulima wa Naipingo, wilayani Nachingwea, akipanda korosho aliyoiokota chini ya mti wake bora kuliko yote, kisha mti mpya ukaja kuzaa korosho ndogo na chache, lawama huangukia udongo, mvua au mkono wa aliyepanda. Vyote hivyo vina nafasi yake. Ila jambo kubwa lilikwisha kuamuliwa ndani ya ua, kwa jinsi seli zilivyogawanyika.

Jani linapotanuka au mzizi unaporefuka, seli hunakili kromosomu zake zote, yaani nyuzi zilizobeba maagizo ya urithi, kisha hujigawa mara moja zikapatikana seli mbili zenye maagizo yaleyale. Hiyo ni mitosisi. Kwenye ua mambo ni mengine. Chavua na yai hutokana na meiosisi: kromosomu za jozi moja hubadilishana vipande, seli hujigawa mara mbili, na kila moja hubaki na nusu tu ya kromosomu. Nusu ya pili mara nyingi huletwa na mdudu kutoka mkorosho mwingine, pengine ule wa jirani ambao hakuna aliyeuchagua. Ndiyo sababu ya kubebesha miche. Kikonyo, yaani kitawi kichanga cha mti mama, hufungwa juu ya mche mchanga, seli za pande zote mbili hugawanyika kwa mitosisi hadi kidonda kinafunga, na juu ya kiungo hukua mkorosho uleule uliokusudiwa.

Mtu atauliza: mbona karanga, zao ambalo Waingereza walilifyekea mapori ya Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaishia hasara, hupandwa kwa mbegu na bado hufanana na mama yake? Karanga nayo hupitia meiosisi. Lakini ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe, na baada ya vizazi vingi nakala mbili za kila jeni huwa zimefanana. Ukichanganya vinavyofanana, hupati kipya.

Basi tubebeshe wilaya za Nachingwea na Ruangwa nzima kutoka mti mmoja? Hapana. Ubwiriunga, kuvu inayokausha maua ya mikorosho, ungeikuta miti yote na udhaifu mmoja. Mti unaouvumilia hupatikana kwa watafiti, kama wale wa Naliendele, Mtwara, kuchavusha miti tofauti, kupanda mbegu zisizofanana na kuzisubiri zizae. Kikonyo hukatwa baada ya hapo.