Tripsini na Mtihani wa Mdondo

Mfugaji wa Mdandu anayemdondoshea kuku tone la chanjo ya I-2 jichoni anampa kirusi hai cha mdondo kisichoua. Kirusi hicho hukuzwa ndani ya mayai yenye viinitete, na kwa kutengeneza chanjo yai linatosha. Kukipima ni kazi nyingine, na kwa ajili yake maabara zetu zinahitaji ufundi wa kutenganisha seli za kiinitete. Kiinitete cha kuku cha siku 9 hadi 11 huondolewa kichwa na matumbo, hukatwakatwa na kuoshwa kwa maji ya chumvi yasiyo na kalsiamu, maana kalsiamu ndiyo inayozikaza protini zinazoshikanisha seli. Kisha hutiwa tripsini, kimeng'enya cha kongosho, katika nyuzi joto 37. Ugumu uko katika kuisimamisha: seli zilizokwisha kuachana humiminwa upesi kwenye seramu, ambayo huizima. Moscona alitenganisha hivyo seli za viinitete vya kuku mwaka 1952. Wako wanaosema tripsini hujeruhi seli, na ni kweli kwamba hunyoa protini za juu yake; lakini seli changa huzijenga upya, na kesho yake huwa zimetandaa chini ya chupa.

Kirusi kikali cha mdondo kina protini ya kujipenyezea inayokatwa na vimeng'enya vilivyomo karibu katika kila kiungo cha kuku, ndiyo maana huenea mwili mzima. Kisicho kikali hungoja vimeng'enya vya jamii ya tripsini, vilivyoko kwenye njia ya hewa, utumbo na majimaji ya yai. Hivyo yai hukuza vyote viwili, na muda ambao kiinitete huchukua kufa huvitofautisha kwa makadirio tu. Juu ya seli zilizooshwa tripsini yote, kirusi kikali hutoboa mabaka, lakini kile cha chanjo husubiri tripsini irudishwe. Kusoma vinasaba huionyesha tofauti hiyo haraka zaidi, sibishi; ila huonyesha pia mabaki ya virusi vilivyokufa, na chanjo hii hukinga ikiwa hai. Tripsini ikirudishwa, mabaka huhesabika, na hesabu hiyo hueleza ni virusi vingapi vilivyo hai katika chupa iliyofika Makambako.