Pua ya Mtoto Ichubukapo kwa Mafua



Kusi lianzapo kuvuma ziwani mwezi wa Mei, nyumba nyingi huku kwetu huingia mafua. Mtu mzima hupenga kamasi, akaenda zake kuanika dagaa. Lakini mtoto wa miezi minane hajui kupenga. Mama humfuta kwa pindo la kanga, akamfuta tena na tena mchana kutwa, mpaka ngozi ya chini ya pua huwa nyekundu na kupasuka, na kila kamasi itokayo huiunguza. Mwisho mtoto hulia aonapo tu mkono wa mama ukimkaribia.

Wala taabu haiishii katika ngozi. Mtoto mchanga huvuta pumzi kwa pua. Pua ikiziba hawezi kunyonya vema, maana kinywa kimeshika titi. Huliacha, hulia, hulishika tena, kisha huchoka na kulala na njaa.

Jambo hili lilinifika nyumbani mwangu, kwa mtoto wetu wa tatu. Mama yangu mzazi alileta mawese katika kikombe, akayapasha moto kidogo, akataka kuyadondosha puani mwa mjukuu wake. Nikamwambia, "Mama, nakuomba, usimtie puani." Akanitazama. "Mwanangu, ninyi sita niliwatia mafuta haya haya, na leo wewe ndiwe mwalimu wa watu." Nilikosa la kujibu. Si vyepesi mtu kumwonya mama yake mbele ya mkewe, tena kwa neno alilolishika tangu ujana.

Kesho yake tukaenda zahanati, mama akiwa amembeba mtoto mgongoni. Muuguzi alikuwa kijana, lakini mwenye adabu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu." Ndipo akamweleza: maji yakimpalia mtoto hukohoa akayatoa, lakini mafuta ni laini, huteremka polepole asikohoe, yakaingia mapafuni. Huko mwili hauna njia nyepesi ya kuyaondoa, nayo huweza kuleta homa ya mapafu iliyo ngumu kuponya. Mama akauliza, "Na wale sita wangu?" Akajibiwa, "Walisalimika, bibi. Wako wasiosalimika."

Basi kinachofaa ndani ya pua ni maji ya chumvi. Maji yachemshwe kwanza, yapoe yabaki na uvuguvugu tu. Neno hili la kuchemsha msilipuuze: mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa maelfu kwa maelfu katika pwani yetu nyembamba, wakingoja meli Liemba iwapeleke Kigoma, tuliona kwa macho yetu kipindupindu kikiua watu. Katika nusu lita ya maji hayo tia nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, kisawazishwe, kisiwe na kilima. Chumvi ikiwa ya mawe, isagwe kwanza, kwa maana kijiko cha mawe hakilingani na kijiko cha unga. Onja: yawe kama machozi, yasizidi ukali. Yatumike siku hiyo hiyo, na yakibaki yamwagwe.

Mlaze mtoto chali mapajani. Kwa pamba safi dondosha tone moja au mawili katika kila tundu la pua, ungoje kidogo kamasi ilainike. Kisha sokota kitambaa laini na safi kama utambi, ukilowanishe, uitoe kamasi iliyo karibu, usichokoe ndani. Fanya hivyo kabla ya kumnyonyesha, nawe utaona tofauti mara moja.

Na ngozi iliyochubuka? Usiisugue. Kigaga kikikauka, wekea kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka kilegee chenyewe. Futa kwa kugusa-gusa tu, ukaushe, kisha paka nje, chini ya pua, mafuta ya mgando kidogo sana kwa ncha ya kidole. Hapo mama yangu alipata kazi yake: mawese yakapakwa nje, nasi tukapatana. (Kanga zikaingia madoa mekundu, lakini hilo ni la kufua tu.) Mafuta ya kuchua yenye harufu kali ya kafuri, mtoto aliye chini ya miaka miwili asipakwe kabisa. Vidonge vya kuua vijidudu navyo haviponyi mafua. Mafua huisha yenyewe, mara nyingi kwa siku saba hadi kumi.

Lakini pumzi zake zihesabuni kwa dakika nzima, akiwa ametulia. Mtoto aliye chini ya miezi miwili, zikifika 60. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40: hayo si mafua matupu. Kadhalika ngozi ya chini ya mbavu ikibonyea avutapo pumzi, midomo ikigeuka rangi, au akikataa titi kabisa, apelekwe zahanati saa ile ile. Sisi wa Kagunga tuhesabu mapema, jioni, kabla ya giza. Maana akitakiwa kupelekwa Kigoma njia yetu ni ya maji, na kusi likichafua ziwa usiku, mashua haitoki mpaka litulie.