Aliyelelewa kwa Bibi na Wasiwasi wa Ujanani

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alianza kuzitembelea familia 26 vijijini karibu na Kampala, ng'ambo ya Ziwa Victoria letu hili. Alitaka kujua mtoto huathirikaje anapoachishwa kunyonya na kupelekwa kwa bibi. Alikuta desturi hiyo inafifia, akajikita kwenye jambo kubwa zaidi: mtoto akiogopa humkimbilia nani, na huyo anayekimbiliwa huitikaje. Hapo nadharia ya mfungamano wa mtoto na mlezi wake, ya daktari wa akili John Bowlby, ikapata ushahidi wa majumbani.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Cindy Hazan na Phillip Shaver wakaihamishia nadharia hiyo kwenye mapenzi ya watu wazima. Mtazame binti wa Kirumba, hapa Mwanza, ambaye mchumba wake yuko kambi ya dagaa kisiwani. Ujumbe umebaki na tiki moja. Mtandao huko ni wa kubahatisha, naye anajua, lakini hadi saa tisa usiku bado anaishika simu, ameshaamini kwamba ameachwa. Kijana mwingine amefukuzwa kazi. Akiulizwa anajibu "niko poa", kisha anajifungia chumbani wiki nzima. Wa kwanza anang'ang'ania, wa pili anajitenga. Tafiti nyingi zimewakuta vijana wa namna hii, hasa wenye hofu ya kuachwa, wakisumbuliwa zaidi na sonona na wasiwasi. Huo ni uhusiano tu, si uthibitisho wa chanzo. Ukosefu wa kazi, misiba na vipigo navyo vinachangia.

Je, waliolelewa na bibi Magu au Ukerewe wazazi wakitafuta riziki mjini wameharibika? Sikubaliani kabisa na fikra hiyo. Kuondoka peke yake si tatizo: mvuvi wa dagaa huondoka siku za giza, mbalamwezi ikikomaa anarudi nyumbani. Mwanawe anajua atamwona lini. Kinachoumiza ni kuondoka kusikoelezwa: mtoto analala na mama, anaamka hayupo, anaambiwa "kaenda dukani", na miezi inapita. Bibi anayeitika kilio usiku ni mlezi kamili.

Tena mfungamano hubadilika. Rafiki anayetimiza ahadi, mwenza mtulivu au mshauri mzuri humfundisha mtu upya kuamini.

Mzazi, ukimpeleka mtoto kwa bibi, muage akiwa macho na upige simu siku uliyoahidi. Nawe kijana, usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo au ukiwaza kujidhuru, usisubiri: nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, au Hospitali ya Bugando, kwenye idara ya afya ya akili.