Utangulizi: Futi na Mita Uwanjani

Mwaka 1962 kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, alikwenda Perth, Australia, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, akashinda dhahabu mbili: moja ya yadi 100, nyingine ya yadi 220. Ukizitafuta mbio hizo leo kwenye ratiba ya Olimpiki hutaziona. Yadi 100 ni mita 91.44, kwa hiyo aliyemaliza mbio za Antao angebakiwa na mita nane na ushei kabla ya kuufikia utepe wa mita 100. Huwezi basi kuuchukua muda wake, ukauweka kando ya sekunde 9.77 za Ferdinand Omanyala, ukatoa hukumu ya nani alikuwa na mbio zaidi.

Hapo ndipo somo letu linapoanzia, nawe msomaji karibu sana. Halihitaji hisabati ngumu. Linahitaji jicho la mtu anayetazama riadha kwenye televisheni na kujiuliza namba zile zilizo chini ya kioo zimetoka wapi. Wazee wa pwani waliopima nguo kwa shubiri, mkono, wari na pima walijua kuwa kipimo kina mwenyewe: mkono wa nani? Swali lao ndilo letu.

Riadha ya kisasa ina wazazi wawili. Waingereza walikimbia kwa yadi na maili, kwenye viwanja ambavyo mzunguko wake ulikuwa yadi 440, yaani robo maili. Olimpiki, tangu Athens mwaka 1896, ilishika mita. Michezo ya Jumuiya ya Madola iling'ang'ania yadi hadi Kingston, Jamaika, mwaka 1966, ambako Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu, na Naftali Temu akashinda maili sita. Miaka minne baadaye, Edinburgh, vipimo vikawa vya mita. Mwaka 1976 shirikisho la riadha la dunia likaziondoa mbio za yadi na maili kwenye orodha ya rekodi zake. Ilisalia moja tu: maili yenyewe.

Kwa nini maili ilisamehewa? Sikiliza hesabu yake: mizunguko minne, dakika nne, dakika moja kwa kila mzunguko. Tarehe 6 Mei 1954, pale Oxford, Roger Bannister alikimbia kwa dakika 3:59.4, na hata asiyejua riadha alielewa kilichotokea. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu. Hazina ukuta ulio wazi kiasi hicho. Ndiyo maana Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekwisha kuvunja rekodi ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, aliiwinda pia ya maili, akaipata Kingston mwaka 1975 kwa 3:51.0. Na ndiyo maana Faith Kipyegon alikimbia maili Monaco mwaka 2023 kwa 4:07.64, ingawa Olimpiki haina mbio hizo.

Hili ndilo ninalotaka ulishike kabla ya yote: ukibadili kipimo, unabadili pia mahali ukuta ulipo, na televisheni huishi kwa kuta. Tazama kuruka kwa upondo. Kwa wanaohesabu mita, ukuta ulikuwa mita 6.00, na Sergey Bubka aliuvuka Paris mwaka 1985. Kwa Mmarekani anayehesabu futi, ukuta ulikuwa futi 20, yaani karibu mita 6.10, na Bubka huyohuyo hakuuvuka hadi mwaka 1991. Mrukaji mmoja, tukio la kihistoria mara mbili, miaka sita katikati.

Usidhani basi kwamba mita imeshinda na mambo yamekwisha. Wakati mwingine mtangazaji anasema mita huku uwanja wenyewe ukisema futi. Chukua mbio za mita 110 kuruka viunzi. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13.72. Namba ya ajabu, mpaka uitafsiri: yadi 15. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 9.14, yaani yadi 10. Kimo cha kiunzi ni mita 1.067, yaani futi tatu na nusu. Duara la kurushia tufe lina kipenyo cha mita 2.135, ambazo ni futi saba, na tufe la wanaume lina kilo 7.26, ambazo ni ratili 16. Mifupa ni ya zamani, ngozi ndiyo mpya.

Sasa tusogee karibu zaidi, Mexico City, tarehe 18 Oktoba 1968. Bob Beamon aliruka chini mbali kiasi kwamba kifaa cha kupimia hakikumfikia, ikabidi waamuzi walete utepe wa chuma. Ubao ukaonyesha 8.90. Rekodi ilikuwa 8.35. Beamon, aliyezoea futi, hakuelewa ameruka umbali gani, hadi mwenzake Ralph Boston alipomwambia kuwa amepita futi 29. Hapo miguu ikamlegea akaanguka.

Lakini ni futi 29 na inchi ngapi? Vitabu vingine vinaandika inchi mbili na nusu, vingine mbili na robo. Hesabu kamili ni inchi 2.39. Anayekadiria robo iliyo karibu hupata mbili na nusu. Anayeshuka chini, kama waamuzi wanavyofanya kwa sentimita, hupata mbili na robo. Sasa irudishe ile ya robo kwenye mita, ushuke chini tena: unapata 8.89. Beamon amepokonywa sentimita moja na mtu asiyewahi kukanyaga uwanja, kwa kutafsiri mara mbili tu.

Kwa hiyo, utakapokaa mbele ya televisheni, au kwenye dawati la habari ukisubiri matokeo, jiulize kwanza: kipimo kilichochukuliwa uwanjani kilikuwa kipi? Namba hiyo ndiyo ya kuandika. Nyingine zote ni tafsiri, na tafsiri isitafsiriwe tena. Na ukifika kwa Antao, usimkimbize mita ambazo hakuzikimbia. Andika yadi 100, kisha mweleze msomaji wako yadi ni nini.