Nani anaendesha shule ya kijijini? Uzi kwa wanaobishana kuhusu elimu

Jana nilikaa nikasoma majibu zaidi ya mia mbili chini ya video ya mkutano mmoja wa siasa. Swali lilikuwa lile la kila msimu: "Gavana amefanyia nini shule zetu?" Nusu ya watu walikuwa wakimlaumu gavana kwa ukosefu wa walimu. Nusu nyingine walikuwa wakimsifu diwani kwa darasa ambalo hakulijenga. Sasa wacha niwaeleze jinsi mambo yalivyo. Sitataja mtu wala chama, hata mkinisukuma.

Mimi si mtaalamu wa elimu. Nilikaa miaka mitatu kwenye bodi ya usimamizi ya shule moja ndogo ya umma huko Ukambani, mashambani kabisa, kama mwakilishi wa wazazi. Shule ina chekechea, msingi yenye watoto 158, na sekondari msingi (hii mnaiita JSS) yenye watoto 41. Mengi ninayosema hapa niliyajua nikiwa nimeshaingia, si kabla. Kabla nilikuwa napiga kelele kama ninyi.

Anza na lango. Mtoto wa PP1 na mtoto wa Gredi ya 1 wanaingia lango moja asubuhi, lakini wanaingia serikali mbili tofauti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi, sekondari, mtaala na mitihani ni za serikali kuu. Kwa hivyo mwalimu wa chekechea ameajiriwa na kaunti, na aliye darasa linalofuata, hatua ishirini tu, ameajiriwa na TSC. Kaunti iliwahi kutuletea tangi la maji la chekechea. Bodi ilijadiliana karibu saa nzima kama watoto wa Gredi ya 3 wanaruhusiwa kunywa maji ya gavana. (Walikunywa. Hakuna aliyeshtakiwa.)

Walimu sasa. Kifungu cha 237 cha Katiba kinaipa TSC kazi ya kuwasajili, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha na kuwaadhibu. Si gavana. Si mbunge. Hata Waziri wa Elimu haajiri mwalimu. Mgombea akisimama kwenye gari akaahidi "nitawaletea walimu kumi," muulize atawatoa wapi. Mbunge ana nguvu moja tu ya kweli hapo: bajeti. Bunge ndilo linalopitisha pesa ambazo TSC inatumia kuajiri. Ukitaka kumbana mbunge wako kuhusu walimu, mbane kwa kura aliyopiga wakati wa bajeti, si kwa barua aliyoandikia ofisi ya TSC ya kaunti ndogo.

Shule yetu ilikuwa na walimu watano wa TSC upande wa msingi, mwalimu mkuu akiwa mmoja wao. Kuna kipimo kinachotajwa sana cha mwalimu mmoja kwa watoto 40. Ukigawanya 158 kwa 40, unapata walimu wanne. Kwa makaratasi tulikuwa na mwalimu wa ziada! Lakini madarasa ni sita, Gredi ya 1 hadi ya 6. Walimu watano, madarasa sita, na mwalimu mkuu ndiye huyo huyo anaitwa mikutano ya elimu mjini mara kwa mara. Siku hiyo madarasa mawili yanakaa bila mtu. Hilo shule kubwa haliihisi.

Upande wa JSS ni mbaya zaidi. Masomo ni tisa, na kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki. Gredi tatu, vipindi 120. Tulikuwa na walimu wawili, kwa hivyo kila mmoja alipaswa kufundisha vipindi 60. Wiki yenyewe ina vipindi 40 tu hata mwalimu asipotoka darasani kwenda haja. Nani anafundisha vingine? Hakuna. Mmoja wa hao wawili alikuwa mwanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Alikuwa amesomea Kiswahili na Historia, na ndiye tuliyempa Sayansi Jumuishi kwa sababu yule mwingine alikuwa na Hisabati.

Mnakumbuka mgomo wa walimu wa JSS wa 2024? Watu huku walikuwa wanauliza "kwani hawa wanataka nini." Ndicho hicho.

Tuje kwa pesa, kwa sababu hapa ndipo mabishano huwa na moto mwingi. Elimu ya msingi bila malipo ilianza 2003 na mgao wa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Leo ni 1,420. JSS ni 15,042, na sekondari ya kutwa ni 22,244. Pesa zinatumwa kwa awamu tatu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu.

Watoto 158 mara 1,420 ni shilingi 224,360. Kwa mwaka mzima. Muhula wa tatu, ule wa mitihani, shule inapata 44,872, tena zikifika kwa wakati na zikifika zote. Ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu uliojadiliwa 2025 ulionyesha kuwa kwa miaka kadhaa mgao ulikuwa ukipungua kwa mabilioni, na kwamba kuna pesa zilizotumwa kwa shule ambazo hazipo. Shule yetu ipo, na tulikuwa tukingoja.

Wengi hawaelewi kwamba pesa inamfuata mtoto lakini gharama haimfuati mtoto. Mlinzi wetu wa usiku alikuwa analipwa 7,000 kwa mwezi. Hiyo ni 84,000 kwa mwaka, zaidi ya thuluthi ya mgao wetu wote wa msingi. Shule ya watoto 950 inapata 1,349,000, na mlinzi yule yule anakula asilimia sita tu. Halafu mgao wa msingi una akaunti mbili, moja ya vifaa vya kufundishia na moja ya matumizi ya jumla, na huruhusiwi kulipa mlinzi kwa pesa za vitabu. Kwa hivyo mkiona shule ndogo ina choo kibovu na shule kubwa ya sokoni imepakwa rangi, si lazima mwalimu mkuu wa shule ndogo awe mwizi. Anaweza kuwa mwizi pia, sikatai. Lakini anza na hesabu.

Bodi inafanya nini basi? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka bodi kwa kila shule ya umma. Kuna wawakilishi sita wa wazazi na jamii, watatu wa mfadhili (huku kwetu ni kanisa), mmoja wa walimu, na wengine wachache. Mwalimu mkuu ni katibu. Bodi inasimamia mali na matumizi ya shule, na inaajiri watu wasioajiriwa na TSC: mlinzi, mpishi, na wale mnaowaita walimu wa BOM. Hao wa mwisho serikali haitumi mshahara wao. Wanatoka mfukoni mwa mzazi.

Na hapa kuna jambo ambalo sikutaka kuandika lakini uzi hautakuwa wa ukweli nisipoliandika.

Tulikuwa na walimu watatu wa BOM, 8,000 kila mmoja. Muhula mmoja ni 72,000. Tulikubaliana kila mtoto alete 500 kwa muhula. Watoto wote 199 wakilipa ni 99,500, tunalipa walimu na kununua mafuta ya jenereta. Kawaida nusu ndio hulipa. Muhula mmoja tulifikisha wiki ya tano bila kumlipa mwalimu yeyote, na mmoja wao akasema Jumatatu harudi. Mtu akapendekeza wasiolipa warudishwe nyumbani "wakumbushe wazazi." Sheria hiyo hiyo ya 2013, kifungu cha 29, inasema hakuna mtoto atakayekataliwa shuleni kwa kukosa kulipa tozo kama hizo. Nilikuwa nimekisoma. Nilikuwa nacho kwenye simu. Na niliinua mkono kuunga pendekezo, kwa sababu mwanangu alikuwa kwenye darasa la mwalimu ambaye angeondoka.

Watoto walirudishwa siku ya Jumatano. Wengi walikuwa wamerudi kufikia Jumatatu, na mwalimu alilipwa. Msichana mmoja wa Gredi ya 8 hakurudi kwa wiki mbili. Mama yake hakuwa na 500, na hakuna aliyempigia simu kumwambia kuwa sheria iko upande wake. Mimi ningeweza. Nilimpigia wiki ya pili ikiisha.

Kwa hivyo nikisikia mwanasiasa akisema "elimu ni bure, mwalimu mkuu yeyote anayeitisha pesa nitamfukuza," najua mambo mawili. Kisheria yuko sawa kwamba mtoto hafai kurudishwa. Na hana mamlaka ya kumfukuza mwalimu yeyote, na hajasema nani atamlipa yule wa BOM.

Matokeo nayo. Mnapenda sana kuweka picha za wastani wa shule na kucheka. Chukua sekondari ya kutwa jirani yetu iliyo na watahiniwa 20 wa KCSE. Mtoto mmoja akitoka D (alama 3) hadi B+ (alama 10), wastani wa shule nzima unapanda kwa 0.35. Kwenye shule ya watahiniwa 300, mtoto huyo huyo anasogeza wastani kwa 0.02, hata hauonekani. Kwa hivyo shule ndogo "inaboreka ajabu" mwaka huu na "inaanguka vibaya" mwaka ujao bila chochote kubadilika darasani. Wanasiasa wanajua kuchagua mwaka wa kutaja. Ukitaka kujua shule ndogo inafanyaje, angalia miaka minne mitano pamoja, na uulize ni wangapi walioanza Gredi ya 7 wakafika mwisho. Hao walioacha hawamo kwenye wastani wowote.

Na mtihani wa KJSEA umeongeza jambo. Gredi ya 9 wakimaliza, alama zao za KJSEA ni asilimia 60, zingine ni za KPSEA na tathmini za shuleni, na kwa hizo wanapangiwa shule za sekondari pevu na njia ya kusomea, sayansi ikiwa mojawapo. Mtoto aliyefundishwa Sayansi Jumuishi na mwalimu wa Historia, bila maabara, anashindania nafasi na aliyekuwa na maabara tangu Gredi ya 7.

Sasa kuna mazungumzo kwetu ya kuunganisha JSS yetu na ya shule kubwa iliyo kilomita sita. Kwa hesabu nilizowapa hapo juu, ina maana: walimu wawili wetu na sita wao, watoto pamoja, kila somo linapata mtu. Kama ningekuwa ofisini Nairobi ningetia sahihi. Lakini katikati kuna mto wa mchanga. Miezi mingi unavuka ukiwa na viatu vikavu. Novemba mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka bila kupiga hodi, na mitihani ya kitaifa ni wakati huo huo. Kuna mgombea anasema haitaunganishwa "kamwe." Mwingine anasema lazima. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akitaja daraja, na daraja dogo la kuvukia kwa miguu kwenye barabara ya kaunti ni kazi ambayo gavana anaweza kuifanya kweli.

Mkutano wa wazazi kuhusu jambo hilo ni Ijumaa ijayo, saa nne asubuhi. Mimi si mwanabodi tena, lakini mzazi yeyote ana haki ya kusema, na nitasema habari ya mto. Yule msichana yuko Gredi ya 9 sasa. Nyumbani kwao ni ng'ambo hii.

Mmeniuliza sana kuhusu bursari, za kaunti na za NG-CDF. Hiyo ni hadithi ndefu, nitaifungulia uzi wake nikipata bando.