Kiwanda cha Mhunzi: Moto, Fuawe na Macho

Leo tutazungumza juu ya kazi ya mhunzi. Kazi hii ni ya zamani sana katika nchi ya Shinyanga na Geita. Zamani Warongo, wahunzi mashuhuri wa Uzinza, waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo, na majembe yao yalifika mbali Usukumani, hata yakatolewa mahari. Siku hizi hatuyeyushi tena mawe. Chuma twakipata katika springi za malori na vipande vya reli. Lakini mhunzi angali anahitajiwa, hasa na mchimbaji mdogo wa dhahabu. Asubuhi huingia shimoni na nyundo na moko. Jioni ncha ya moko imekuwa butu, naye atakuletea uinoe kwa moto. Basi ukiifanya kazi yake vibaya, waweza kumpofusha mtu ambaye hata humwoni.

Kwanza, tutazame kiwanda chenyewe. Usijenge chini ya paa la nyasi. Paa la bati lafaa. Acha pande mbili wazi ili hewa ipite, maana mkaa unaowaka hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua. Lakini tanuri liwe kivulini, kwa sababu rangi ya chuma cha moto haionekani vizuri juani. Tanuri, fuawe na ndoo ya maji viwe karibu, hatua moja tu kutoka kimoja hadi kingine. Sakafu iwe ya udongo, nayo ifagiliwe. Mtu aliyeshika chuma chekundu hapaswi kujikwaa.

Pili, vyombo. Si lazima uwe na fedha nyingi. Kipande cha reli kilichofungwa imara juu ya gogo ni fuawe nzuri. Simama wima, mikono ikining'inia, ukunje ngumi: uso wa fuawe ufike kwenye ngumi yako. Ikiwa chini zaidi, mgongo utauma. Ikiwa juu zaidi, nyundo haitakuwa na nguvu. Mvukuto waweza kuwa wa ngozi, au feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli. Koleo ziwe mbili au tatu za midomo mbalimbali. Koleo isiyoshika sawasawa ni hatari kuliko moto wenyewe.

Sasa tuje kwenye moko. Pasha ncha moto mpaka iwe nyekundu, uifue, kisha uipashe tena. Utajuaje kama moto umetosha? Gusisha sumaku mara moja: chuma kikifika kiasi cha digrii 770 sumaku haikamati tena. Hapo, kiache kidogo tu motoni, kisha chovya ncha peke yake, kiasi cha sentimita 3. Moko wa springi ya gari uchovye katika mafuta, maana maji yaweza kuupasua. Mafuta hayo yawe katika chombo cha chuma chenye kifuniko, yasije yakashika moto.

Wengi huishia hapo, na hilo ni kosa. Ncha iliyochovywa tu ni ngumu, lakini huvunjika kama kigae. Ifute, uisugue haraka kwa jiwe mpaka ing'ae, kisha tazama joto lililobaki nyuma likipanda kuelekea nchani. Rangi itakuwa ya manjano, halafu hudhurungi, halafu zambarau. Ikifika zambarau, chovya tena upesi.

Na kichwa cha moko, mahali panapopigwa nyundo, usikichovye kamwe. Kiache kiwe laini. Kichwa kigumu humeguka, na kipande chake huruka kwa kasi kubwa. Vilevile, kichwa kilichochanua kama uyoga lazima kikatwe kwa tupa kabla ya kumrudishia mwenyewe. Hata asipokuomba, fanya hivyo.

Mwisho, jilinde. Vaa miwani ya kazi, aproni ya ngozi na viatu vilivyofunika miguu. Usivae nailoni, kwani huyeyuka na kugandamana na ngozi. Usichome bati au bomba lenye zinki, maana moshi wake huleta homa. Usitie motoni chombo kilichozibwa, chaweza kulipuka. Na mtu akikuomba moto wa kuchomea dhahabu yenye zebaki, mkatalie kwa upole. Mvuke wa zebaki hauonekani, lakini hudhuru ubongo na figo, na watoto walio karibu huumia zaidi.

Mtu akiungua, mwagia palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Chuma kikiingia jichoni, usisugue, usikichomoe. Funika jicho bila kuligandamiza, umpeleke hospitali.

Maswali ya kikundi: Kwa nini kichwa cha moko huachwa laini? Katika viwanda vya kijiji chenu, ni mioko mingapi imechanua? Nendeni mkaihesabu kabla ya somo lijalo, na kila mliyemkuta na moko wa namna hiyo, mwambieni aupeleke kwa mhunzi kwanza, ndipo aingie shimoni.

Kwa herini.